Somo: Kupanga vifaa ndani ya seva ya yuniti 2, hewa kwanza vyuma baadaye

Assalamu alaykum wanachama. Niliahidi kueleza nilivyoipanga ile seva (kompyuta ya kutunzia kazi) ya studio ya video za harusi, basi leo nalipa deni. Chasisi, yaani sanduku lake la bati, ni ya yuniti 2, imekunjwa na fundi bati hapa hapa Mombasa. Ndani mna diski nane kubwa, ubao mama mmoja (ule unaobeba prosesa na RAM) na pawa saplai moja. Kila anayeifungua huniuliza mbona nimeacha pengo lote lile. Si pengo. Ni njia ya hewa, na ndiyo niliyoichora kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 1: Pima ndani, kisha kata katoni

Yuniti ni kipimo cha kimo katika raki, ile fremu ya kupangia seva. Moja ni milimita 44.45, kwa hiyo yuniti 2 ni 88.9. Usizihesabu zote kuwa zako: bati lina unene, na chasisi lazima iingie rakini bila kukwaruzana na ya jirani. Mimi hujihesabia 84. Upana nao usikudanganye. Inchi 19 za upana wa raki ni pamoja na masikio ya mbele ya kufungia skrubu. Mwili wenyewe uweke 440 au pungufu, upate pa kupitisha reli.

Sasa chukua katoni, kata kila kifaa kwa kipimo chake halisi. Diski ya inchi 3.5 ni milimita 147 kwa 101.6, unene 26.1. Ubao mama wa saizi ya kawaida, ATX, ni 305 kwa 244. Panga vipande sakafuni, vihamishe mpaka uchoke. Na usisahau plagi! Diski ya 147 ikishachomekwa waya huwa imekula karibu 190. Mimi hilo lilishanigharimu bati zima.

Hatua ya 2: Ukuta wa feni

Hewa iingie mbele, itokee nyuma, isipinde kona. Feni nimezipanga safu moja nyuma ya diski, kabla ya ubao mama, zikivuta hewa kupitia diski na kuisukuma juu ya prosesa, chipu kuu inayofanya hesabu. Katika yuniti 2 inaingia feni ya milimita 80. Katika yuniti 1 utalazimika kutumia za 40, na hizo hupiga kelele kama mbu mwenye kipaza sauti.

Ukubwa wa feni ni jambo la bili ya umeme pia. Ukizidisha kasi mara mbili, hewa huongezeka mara mbili, lakini umeme inaoula huongezeka mara nane. Feni kubwa inayozunguka taratibu hushinda ndogo inayokimbia. Wahandisi wa Facebook walipotangaza michoro ya seva zao mwaka 2011 kupitia mradi wa Open Compute, chasisi yao ilikuwa ya yuniti 1 na nusu, ipate kuingia feni za 60.

Ziba kila upenyo kati ya feni na kuta. Hewa ya moto ikipata kitobo cha kurudi mbele, unatwanga maji kwenye kinu.

Hesabu ya haraka: mtambo wa wati 300, ukitaka hewa ipande nyuzi 10 tu kutoka mbele hadi nyuma, unahitaji kama lita 25 za hewa kila sekunde.

Hatua ya 3: Ubao mama ulale na upepo

Anayeujua Mji wa Kale anajua kichochoro kinachoelekea bahari kinapitisha kusi hadi ndani, na kinachokingama kinabaki tanuri. RAM, vile vijiti vya kumbukumbu ya muda, ni vivyo hivyo. Bao nyingi za kompyuta za mezani, ukiweka matundu yake ya kuchomekea nyaya nyuma, vijiti vya RAM husimama vikiukinga upepo. Bao za seva huvigeuza vikaelekea upepo unakokwenda. Ukipata ya seva iliyotumika, chukua hiyo. Mbavu za kupoza prosesa nazo zielekee huko huko.

Hatua ya 4: Diski, na kosa langu

Safu tatu za diski nne, moja juu ya nyingine, zinaingia, jumla kumi na mbili. Viwanda vingi hufanya hivyo. Mimi nilitaka safu mbili tu: na vitanda vyake zilichukua milimita 56, zikabaki 28 juu, nikaweka bati la matundu ili prosesa ipate hewa mbichi.

Nilijiona fundi. Siku ya kwanza prosesa ilikuwa baridi kama dafu la asubuhi, ila diski zilipita nyuzi 50. Hewa haipendi kazi: imepewa mlango wa wazi juu, kwa nini ijipenyeze kati ya diski? Nikaziba theluthi mbili za ule mlango, nikipima kila mara, mpaka diski zikarudi kwenye 42. Prosesa ilipanda kidogo, si neno.

Hatua ya 5: Nyaya

Zipite ukutani, zifungwe, zisipite mbele ya feni. Kata urefu unaokutosha. Basi.

Hatua ya 6: Udi

Kabla ya kuweka umeme wowote wa maana, weka zile katoni ndani ya chasisi, funika kwa plastiki angavu, washa feni peke yake, kisha washa kijiti cha udi mbele. Utaona moshi unakokwenda na unakozubaa. Mahali unapozunguka papo hapo ndipo joto litakapokaa. Vifaa halisi vikishaingia usifukize tena. Tumia vipande vya uzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, nina nafasi za diski ambazo hazina kitu. Niziache wazi zipitishe hewa?
Jibu: Hapana, ziba. Ni kosa lile lile la hatua ya 4. Hewa itapita kwenye tundu tupu na kuziruka diski zako.

Swali: Kadi ya mtandao niliyo nayo ni ndefu, haisimami.
Jibu: Katika yuniti 2 kadi fupi husimama wima. Ndefu ilaze kwa raiza (kiunganishi kinachogeuza tundu la kadi), ila angalia isilalie mbavu za prosesa. Kata katoni yake kwanza.

Swali: Shekhe, niko Nyali karibu na bahari. Bati lishaanza kutu kwenye kingo.
Jibu: Bati la mabati likikatwa, kingo hubaki bila zinki. Paka rangi baada ya kukata, siyo kabla. Na usivute hewa ya nje moja kwa moja. Chumvi itafika mpaka kwenye miguu ya chipu. Funga chumba, tumia kiyoyozi. Watengenezaji wengi hufuata pendekezo la nyuzi 18 hadi 27 kwa hewa inayoingia, na Februari hapa bila kiyoyozi huipati.

Swali: Nikiitoa kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda kwa mteja, niiwashe papo hapo?
Jibu: Dada, gusa bati kwanza. Likiwa na jasho kama chupa ya soda, iache imefungwa kwenye nailoni mpaka ipate joto la chumba. Mimi husubiri saa mbili, nikipata chai.