Jinsi ya kuisoma picha ya anga bila kudanganyika

Kwanza rangi, maana hapo ndo wengi tunakwama. Ukikutana na ile picha ya nguzo za gesi iliyopigwa na Hubble (darubini iliyoko angani) mwaka 1995 usidhani ungefika kule ungeona hivo hivo, walipiga kwa filta tofauti (vichujio vinavyopitisha mwanga wa gesi moja moja), kila picha nyeusi na nyeupe, alafu wakazipa rangi: salfa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu. Sio uongo, ni kama ramani tu. Kwahiyo soma maelezo ya picha uone wametumia filta gani.

Afu cheki miale ya nyota. Ikiwa minne kama msalaba inaweza kuwa Hubble, ikiwa sita mikubwa na miwili midogo hiyo ni James Webb, darubini nyingine ya angani, na miale yenyewe haiko kwenye nyota kabisa, inaletwa na vioo na vyuma vya darubini (mi nilijua nyota ndo zilivyo jamani).

Na picha za mwezini mbona hazina nyota? Ardhi ya kule ikipigwa na jua inang'aa sana, kamera inafunguka sekunde kiduchu tu, nyota hazipati muda wa kutokea. Jaribu na simu usiku, piga kitu chenye taa kali, anga litatoka jeusi tii.