Somo: Uundaji wa maneno ya Kiingereza, tuanzie mkiani

Walimu wenzangu wa Kiingereza, poleni na majukumu. Somo la leo limetokana na sentensi moja niliyoikuta kwenye daftari la mwanafunzi: "My mother is a good cooker." Mtoto wa watu kamsifu mama yake kuwa jiko zuri! Nilicheka, kisha nikajirudi. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba "-er" ni mtendaji, nikaishia hapo.

Kiswahili hubeba sehemu kubwa ya sarufi yake mwanzoni mwa neno: mtoto, watoto, anasoma, hawakusoma. Kiingereza hubeba mwishoni. Sikio la mwanafunzi wetu limezoea kunasa mwanzo, na mkia unampita bila kusikika. Ndiyo maana "she go" na "two book" haziishi hata kidato cha nne. Kwa hiyo mimi hufundisha nikianzia mkiani.

Hatua ya 1: Tumia istilahi wanazozijua

Somo la Kiswahili limeshawapa mofimu (kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana), mzizi, kiambishi awali na kiambishi tamati. Usianze upya. Andika ubaoni "wasiopendana", wakate wenyewe: wa-si-o-pend-an-a. Chini yake andika "unfriendly", wakate: un-friend-ly. Sasa uliza mzizi upi unaweza kusimama peke yake. "Friend" inasimama, -pend- haisimami. Hapo umefundisha mofimu huru na mofimu tegemezi kwa dakika tano. Mizizi tegemezi ya Kiingereza ipo, kama ile ya "receive" na "deceive", lakini hiyo waachie wa kidato cha tano.

Hatua ya 2: Tenga tamati za sarufi na tamati za kuzalisha maneno

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mrefu kuliko zote. Tamati za sarufi za Kiingereza ni 8 tu: "-s" ya wingi, "-'s" ya umiliki, "-s" ya kitenzi cha nafsi ya tatu umoja, "-ed", "-ing", "-en" kama ya "eaten", halafu "-er" na "-est" za kulinganisha. Basi. Na hakuna kiambishi awali cha sarufi hata kimoja. Mwanafunzi aliyekulia kwenye ngeli akiambiwa hivyo hashawishiki mara moja, mwache ahangaike kutafuta.

Tamati zote nyingine huzalisha maneno mapya, na hukaa karibu na mzizi kuliko zile za sarufi: teach-er-s. Haiwezekani "-s" itangulie "-er".

Hatua ya 3: Mkia ndio unaotaja aina ya neno

"-ness", "-ment" na "-tion" hutoa nomino. "-ful", "-less", "-ous" na "-able" hutoa vivumishi. "-ise" na "-ify" hutoa vitenzi. "-ly" mara nyingi hutoa vielezi, ila "friendly", "lovely" na "costly" ni vivumishi, na mitihani huzipenda sana hizo. Wape neno moja wajenge ukoo wake: decide, decision, decisive, decisively, indecision.

Wasomeeni kwa sauti pia. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, lakini wa Kiingereza huhama mkia ukibadilika: katika "photograph" uko silabi ya kwanza, "photographer" ya pili, "photographic" ya tatu.

Sasa turudi kwa "cooker". Sisi humtenga mtu na kitu kwa ngeli: mfagiaji ni mtu, kifagio ni kitu. "-er" haitengi. "Cleaner" anaweza kuwa mtu wa usafi au dawa ya kusafishia. Na "cook" hutoka kwenye kitenzi kwenda kwenye nomino bila kuvaa kiambishi chochote, jambo ambalo Kiswahili hakina mazoea nalo: hatusemi "pika" tukimaanisha mpishi.

Hatua ya 4: Ndipo uingie viambishi awali

Hivi hubadili maana, aina ya neno hubaki ileile: unhappy, rewrite, misuse. "En-" ni mkaidi, hugeuza "rich" na "danger" kuwa vitenzi.

Wanafunzi huuliza kwa nini "impossible", "illegal", "irregular", na si "in-" kote. Wajibu kwa nyumba: nyumba nzuri, nyumba mbaya. Ile n- imekuwa m- mbele ya b kwa sababu midomo inajiandaa kufunga. "In-" mbele ya p imefanya vilevile. Hizo ni alomofu, yaani sura tofauti, za mofimu moja. Watahadharishe tu kwamba "invaluable" ni kitu cha thamani kubwa mno, na "inflammable" kinashika moto.

Hatua ya 5: Maneno ambatani

Kwetu kichwa, yaani neno kuu linaloelezwa na lingine, hutangulia: katika batamzinga kichwa ni bata. Kwao kichwa kiko mwisho. "Houseboat" ni mashua, "boathouse" ni banda. Chora picha mbili, inatosha. Uhulutishaji, yaani kuunganisha vipande vya maneno, nao wanaujua kupitia chajio, yaani chakula cha jioni. "Brunch" imeundwa kwa ufundi huohuo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, uambishaji na unyambulishaji vinanichanganya. Kila kitabu na lake.

Jibu: Ni kweli. Wapo wanaoita uambishaji kila upachikaji wa kiambishi, na wapo wanaolitumia kwa viambishi vya sarufi tu. Chagua moja, usiligeuze katikati ya muhula. Kipimo changu ni kamusi: "books" haina kidahizo chake, yaani haiorodheshwi peke yake, basi ni uambishaji; "bookish" inacho, basi ni unyambulishaji.

Swali: Mzizi na shina je?

Jibu: Mzizi haukatiki tena. Shina ni umbo lolote unalolibandika kiambishi kingine. Kwenye "nationalise", mzizi ni "nation", na "national" ni shina linalopokea "-ise". Baadhi ya vitabu vya Kiswahili hulipa shina maana finyu, mzizi na irabu ya mwisho, kama penda. Waeleze wanafunzi wasije wakagombana na mwalimu wa jirani.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanafunzi atajuaje lini "un-" na lini "in-"?

Jibu: Marahaba. Kanuni inayofaa kila neno haipo. "In-" hupenda maneno yenye asili ya Kilatini, "un-" huenda popote. Tena neno moja linaweza kuvaa zote mbili: "unable" lakini "inability", "unequal" lakini "inequality". Wakariri jozi hizo pamoja.

Swali: Na yule wa "cooker" ulimsahihishaje, mkuu?

Jibu: Sikumsahihisha. Nilimchorea jiko, nikaandika "cooker" chini yake, nikamrudishia daftari. Kesho yake ameandika: "My mother is a good cook but her cooker is old." Nilimpa vema mbili.