Lithiamu na kulegea kwa mshipa wa panya: jinsi ya kupima bila kujidanganya

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alinijia na grafu ya kupendeza. Panya waliokunywa lithiamu (dawa ya magonjwa ya akili) mwezi mzima, aota zao, yaani mishipa mikuu ya damu itokayo moyoni, hazikulegea vizuri kwa asetilikolini, kemikali inayofanya mshipa ulegee. Za panya wa maji matupu zililegea barabara. Alishaanza kuandika sura ya matokeo. Nikamwuliza, "Wale wa lithiamu ulikuwa unawakata saa ngapi?" Akajibu, "Mchana, kaka, nikishamaliza wale wengine." Nikajua tuna kazi.

Hatua ya 1: Panya na dawa

Kibali cha maadili kwanza. Sisi tuliweka kloridi ya lithiamu kwenye maji ya kunywa, miligramu 600 kwa lita, siku 30. Lithiamu huzuia figo kubana maji, kwa hiyo panya atakunywa na kukojoa kupita kiasi: pima chupa kila siku, badilisha maranda mara kwa mara. Weka chupa ya pili ya maji ya chumvi, maana sodiamu ikipungua mwilini figo hurudisha lithiamu nyingi zaidi kwenye damu.

Unapopima lithiamu ya damu, usitumie kichupa chenye heparini ya lithiamu (ya kuzuia damu isigande), maana kina lithiamu yake chenyewe. Unacheka, lakini watu wamekitumia.

Hatua ya 2: Maji ya Krebs (ya chumvi na sukari, ya kuweka tishu hai)

Kwa milimola kwa lita: kloridi ya sodiamu 118, kloridi ya potasiamu 4.7, salfeti ya magnesi 1.2, fosfeti ya potasiamu 1.2, bikaboneti ya sodiamu 25, glukosi 11, kloridi ya kalisi 2.5. Pitisha gesi (oksijeni asilimia 95, kaboni dioksaidi 5) kwanza, kalisi mwisho. Ukigeuza mpangilio, maji yanakuwa meupe kama tui. Mwaga, anza upya.

Hatua ya 3: Kukata pete (vipande vya aota vya mviringo)

Hapa ndipo siku zinapopotelea.

Asetilikolini hailegezi msuli moja kwa moja. Inagonga seli za utando wa ndani wa mshipa, kalisi inapanda humo, kimeng'enya kinatengeneza nitriki oksaidi, nayo inavuka hadi kwenye msuli laini, inapandisha cGMP (kijumbe cha ndani ya seli), msuli unalegea. Utando huo ni safu moja tu ya seli. Ukiupangusa, hakuna kulegea. Furchgott na Zawadzki waliligundua hili mwaka 1980 kwenye aota ya sungura, baada ya vipande vilivyosuguliwa wakati wa kutayarishwa kukataa kulegea.

Sasa angalia mtego. Pete iliyokwanguliwa haiitikii asetilikolini, lakini inalegea vizuri kwa nitroprusaidi ya sodiamu, ambayo inaleta nitriki oksaidi yake yenyewe. Picha hiyohiyo ndiyo unayoitarajia kama lithiamu imeharibu utando! Nitroprusaidi inakwambia msuli ni mzima, basi. Haikwambii aliyeharibu ni dawa au ni kibano chako.

Kwa hiyo:

- Shika mafuta yanayozunguka mshipa, kamwe usishike ukuta wenyewe. Usafishe ukiwa ndani ya Krebs baridi, chini ya hadubini.
- Mkasi mdogo wa chemchemi, basi. Wembe unaponda ukingo wa pete, na sitaki kubishana juu ya hilo.
- Pete za milimita 3. Waya upite katikati bila kukwaruza. Ukigoma, toa, usisukume.
- Changanya mpangilio: panya mmoja wa lithiamu, mmoja wa maji, na mtu mwingine ndiye aandike herufi kwenye vichupa. Tulipomkata panya wa maji saa tisa alasiri, mkono umechoka na tishu imekaa mezani, naye akatoa mchoro uleule wa "lithiamu".
- Ongeza A23187. Hii inaingiza kalisi kwenye seli za utando bila kupitia kipokezi cha asetilikolini. Ikilegeza pete ambayo asetilikolini imeshindwa, basi utando upo, na tatizo liko kwenye njia ya kipokezi. Hapo lithiamu ni mshukiwa halali, kwa kuwa inajulikana kuvuruga mzunguko wa inositoli, unaopeleka ujumbe wa kipokezi ndani ya seli.

Hatua ya 4: Kutundika

Pete kwenye waya ndani ya Krebs: nyuzi 37, mvuto wa gramu 2, dakika 60 hadi 90, badilisha maji kila baada ya dakika 15.

Hatua ya 5: Dawa

Fenilefrini (dawa inayokaza mshipa) mikromola 1, subiri mkunjo utulie, kisha asetilikolini kwa kupanda ngazi, nanomola 10 hadi mikromola 10. Osha, rudia ukiwa na L-NAME (inayozuia kimeng'enya cha nitriki oksaidi) mikromola 100. Kulegea kukibaki palepale, kilichokuwa kikilegeza si nitriki oksaidi. Nitroprusaidi funika kwa foili, mwanga unaiua. Linganisha pia ukubwa wa mkunjo wa fenilefrini kati ya makundi, kwa sababu asilimia za kulegea zinahesabiwa kutokana nao. Pete ya panya wa maji isiyolegea kufika asilimia 70, mimi natupa siku nzima, na za lithiamu za siku hiyo pia.

Mwanafunzi wangu sasa anakata kwa herufi. Orodha ya nani ni nani iko kwenye droo yangu, na hatujaifungua bado.