Somo: Kutunza na kupaka upya vanishi mbao za nje za mashua ya tanga unayoishi ndani yake

Wadau, somo hili ni kwa yule anayelala, kupika na kuanika nguo kwenye mashua yake ya tanga. Huwezi kuihama mwezi mzima ili vanishi ikauke, kwa hiyo usivue vanishi ya mashua yote kwa mpigo. Chagua kipande kimoja, vishikio vya upande mmoja au fremu ya mlango, kimalize mpaka mkono (tabaka) wa mwisho wa vanishi, ndipo uende kingine. Mbao zikikaa uchi wiki kadhaa hupauka na kunywa chumvi, na msasa unaanza upya.

Adui ni wawili, jua na maji, nao wanasaidiana. Miale ya jua hupenya vanishi na kuharibu lignini, yaani gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Vanishi inabaki imeshikilia nyuzi zilizokufa, kisha inabanduka. Maji nayo hupitia kwenye viungo, tundu za skrubu na kingo kali. Chungulia pale kishikio kinapokutana na paa la kibanda. Kabla vanishi haijabanduka utaona kidoa cha njano iliyopauka, upana wa kucha, na ukikikwaruza kinatoa mlio kama wa karatasi. Maji yameshaingia chini. Ukikishughulikia mapema ni kazi ya muda mfupi. Ukikiacha, utavua kishikio kizima.

Hatua ya 1: Osha
Maji matamu, sabuni laini, sifongo. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewani na mbao hazikauki vizuri. Usisugue kwa pamba ya chuma, kwa sababu vipande vyake hunasa kwenye nyuzi na kuota kutu. Tumia sponji ngumu ya nailoni.

Hatua ya 2: Amua kuvua au kuongeza
Vanishi ikiwa nzima ila imefifia, piga msasa namba 320 kwa wepesi, futa vumbi, ongeza mikono miwili. Hapo umemaliza, nenda kwenye matunzo. Ikiwa imebanduka sehemu nyingi, vua. Mimi napendelea mashine ya kupuliza hewa ya moto na kikwaruzo chenye makali, pembe zake zikiwa zimesuguliwa ziwe mviringo ili zisichimbe mti. Fuata nyuzi, na mashine isitulie mahali pamoja. Karibu na faiba, kioo au mpira wa viungo acha moto kabisa, tumia kikwaruzo na msasa.

Hatua ya 3: Madoa meusi
Asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji huyatoa vizuri. Vaa glavu na miwani, kisha suuza sana na acha pakauke kabisa. Doa linalorudi kuzunguka kizibo cha mbao kinachofunika skrubu usilipake juu, maana maji yanapita kwenye skrubu. Toa kizibo, toa skrubu, safisha tundu, rudisha skrubu na silanti mpya (gundi ya kuziba maji), kisha piga kizibo kipya nyuzi zake zikielekea sawa na za ubao.

Hatua ya 4: Msasa
Namba 80 kwa palipo na makovu tu, halafu 120, halafu 180 au 220, siku zote kwa kufuata nyuzi. Kingo zote kali zifanye mviringo. Watu wengi huruka hapa, na ndipo kazi inapoharibikia: vanishi hukimbia ukingo mkali na kubaki nyembamba mno. Vaa barakoa. Msaji una mafuta yake, kwa hiyo upanguse kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka.

Hatua ya 5: Tepu
Bandika tepu ya kupakia rangi pembezoni, ubonyeze ukingo wake kwa kucha. Usiiache juani siku nyingi kama si aina ya kuvumilia jua, gundi yake itang'ang'ania.

Hatua ya 6: Mikono ya vanishi
Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tina (kiyeyusho cha vanishi) inayotajwa kwenye kopo, ili vanishi izame kwenye mti. Wa pili tia tina robo, wa tatu kiasi cha asilimia 10, kisha endelea na vanishi tupu mpaka ufikishe mikono 6 hadi 8. Mikono mitatu itapendeza macho, lakini haikai juani.

Usitikise kopo, utaingiza mapovu. Mimina kiasi kwenye chombo kidogo ukichuja kwa soksi ya nailoni. Paka, kisha maliza kwa ncha ya brashi ukirudi kwenye sehemu ambayo bado mbichi. Anza umande ukishakauka na acha mapema mchana, kwa sababu umande wa jioni ukiangukia vanishi mbichi huua mng'ao. Kila mkono ukikauka vizuri, kwa kawaida siku ya pili, pitisha msasa 320 na ufute vumbi.

Matunzo
Kwenye jua kali ongeza mkono kila baada ya miezi 3 au 4, kabla haijaanza kufifia. Kifuniko cha turubai juu ya vishikio na kana ya usukani kinasaidia kuliko vanishi yoyote ya bei kubwa. Weka kichupa cha vanishi na brashi ndogo karibu, kila mchubuko uzibwe mapema.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Tunalala humu na mtoto mdogo. Harufu na matambara tufanyeje?
Jibu: Funga madirisha yaliyo karibu na kazi, fungua ya upande upepo unakotoka. Makopo yakae nje, mbali na jiko. Matambara yenye mafuta ya kupakia mbao ni hatari kubwa: yakirundikwa huweza kujipasha joto na kuwaka yenyewe. Yaloweke kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.

Swali: Kwa nini nisipake mafuta tu nikapumzika?
Jibu: Unaweza, dada, na kuyaongeza ni rahisi. Ila juani hayadumu, na yale ya kitani hulisha kuvu mpaka mbao ziwe nyeusi.

Swali: Na sitaha ya msaji nayo nipake?
Jibu: Hapana. Ikilowa itateleza. Ioshe kwa maji ya bahari na sifongo laini, ukisugua kwa kukingama na nyuzi badala ya kuzifuata, na usiipige maji ya presha. Rangi ya kijivu haina madhara.

Swali: Mvua imenyeshea mkono wa mwisho ukiwa mbichi, sasa una vidoti. Nivue?
Jibu: Usiuguse kwanza. Ukikauka kabisa, piga msasa 320 hadi vidoti viishe, upake mkono mwingine mmoja.