Somo: Vipimo vya kununua kabla ya kufumua injini nyumbani

Somo hili linamhusu mkazi wa Dodoma anayetaka kufumua injini yake uani, kuikagua na kuirudisha mwenyewe, huku kazi ya kuchonga krenki na silinda akiiachia karakana. Mfano wetu ni injini ya Toyota iitwayo 3L, ile ya Hiace na Hilux, ambayo silinda yake ina kipenyo cha milimita 96.

Hatua ya kwanza ni kuandika namba, kabla hata hujakanyaga dukani. Fungua kitabu cha ukarabati cha injini yako, uorodheshe vipenyo vya shingo za krenki (sehemu za mviringo zinazozunguka ndani ya beringi), silinda na pistoni, pamoja na nafasi ya mafuta inayoruhusiwa kwenye beringi, yaani pengo kati ya shingo na beringi yake. Kwa injini nyingi za magari madogo nafasi hiyo huwa kati ya milimita 0.02 na 0.05 hivi, na ndiyo inayoamua ununue nini.

Hatua ya pili ni maikromita, kipimo cha kubana kwa skrubu. Kalipa ya venia husoma 0.02 au 0.05, na ukijumlisha mkono unaobana kupita kiasi, kosa lake linaweza kumeza nafasi yote ya mafuta unayoitafuta. Basi ibaki kupimia boliti na springi. Maikromita ya kawaida husoma 0.01 na huuzwa kwa vipande vya milimita 25: 0–25, 25–50, 50–75, 75–100. Seti nzima haina maana. Shingo za krenki za injini ya ukubwa huu kwa kawaida huangukia kwenye 50–75, na silinda na pistoni kwenye 75–100, kwa hiyo mbili zinatosha. Ukiwa dukani, futa nyuso za kupimia kwa karatasi safi, weka kipande cha kulinganishia kilichomo kwenye boksi, zungusha kwa racheti mpaka ilie, kisha usome: isipokuwa sifuri, muuzaji airekebishe mbele yako. Ikikwaruza inapozunguka, iache. (Jina kubwa kwa bei ya chee huwa ni bandia, tena bandia za siku hizi zina hata boksi zuri.)

Hatua ya tatu ni geji ya silinda, ile yenye saa. Yenyewe haipimi, bali inalinganisha: unaifunga maikromita kwenye 96.00, unaiweka geji kati ya nyuso zake, unaisogeza saa hadi sifuri, halafu unaiingiza kwenye silinda na kuiyumbisha taratibu ukisoma pale mshale unapogeukia. Pima juu, kati na chini, kila mahali kwa pande mbili zinazokatana, kwa kuwa silinda huliwa zaidi karibu na inapogeukia ringi ya juu. Maikromita iliyopima shingo ya krenki ikitumika pia kuwekea geji ya tundu la beringi, kosa lake dogo hujifuta unapotafuta tofauti ya vipimo hivyo viwili. Kwa sababu hiyo ningeweka fedha nyingi kwenye maikromita, geji ikawa ya kawaida.

Kukagua kama silinda hedi imepinda, rula nyoofu ya chuma na fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia pengo) yenye jani la 0.05 zinatosha.

Jambo la mwisho ni joto. Vipimo vya vitabuni ni vya nyuzi 20, na shingo ya milimita 55 ikipata nyuzi 15 zaidi hutanuka karibu 0.01. Aluminiamu ya pistoni hutanuka karibu maradufu. Chini ya bati la Dodoma saa nane mchana usipime kitu. Laza krenki, pistoni na vipimo chumba kimoja usiku kucha, upime alfajiri, kabla vumbi halijaamka.

Maswali

Shikamoo fundi. Uzi wa plastiki wa kupimia beringi hauwezi kutosha peke yake? (Kongwa)

Marahaba, mdogo wangu. Huo huonyesha nafasi ya mafuta pale ulipolala tu, hauonyeshi shingo iliyopoteza uduara. Utumie kuhakikisha baada ya kupima, ukikaza boliti kwa nguvu ya kitabuni, bila kuzungusha krenki.

Kaka, maikromita ya betri ni bora kuliko ya mistari? (Manyoni)

Ni nyepesi kusoma, basi. Usahihi hutegemea uzi wa skrubu yake.

Nitajuaje kama yangu inasema kweli? (Mpwapwa)

Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Dar es Salaam, wana maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo. Kwa kazi ya injini moja, nenda nayo kwenye karakana itakayokuchongea krenki, mpime shingo ileile, kila mmoja kwa chake. Mkitofautiana zaidi ya 0.01, msianze kuchonga.