Misuli Inapowaka Moto: Jinsi ya Kujenga Mwili kwa Vyuma vya Zege na Chakula cha Nyumbani

Piga skwati mfululizo bila kupumzika, na ukifika mara ya 15 au 20 mapaja yataanza kuwaka moto. Vijana wengi wanaokuja kwenye jimu yetu ya uani hapa Tanga huweka chuma chini papo hapo na kusema wamemaliza. Wengine ni kinyume chao: wanautafuta ule moto kama ndiyo kazi yenyewe, na siku usipowaka wanaondoka wamenuna, wanaona tizi halikukolea. Makundi yote mawili nayafundisha jambo moja. Moto ule unakueleza hali ya msuli kwa wakati huo tu. Ukishajua kuusoma, utajenga mwili hata kama huna hela ya jimu yenye kiyoyozi.

Tuanze na unakotoka. Msuli ukifanya kazi nzito unachoma sukari kwa kasi kuliko njia ya oksijeni inavyoweza kuhimili. Chembe za hidrojeni, laktati (ile ambayo watu huiita asidi ya laktiki) na mabaki mengine hujaa ndani ya msuli, na kwa pamoja huamsha neva za maumivu. Pumzika dakika 2 au 3, damu inayaondoa, moto unazimika. Basi.

Maumivu ya kesho yake ni kitu kingine kabisa, ingawa watu hulaumu "asidi" ileile kwamba ndiyo inayoyaleta. Lawama hiyo ni ya zamani. Archibald Hill wa Uingereza na Otto Meyerhof wa Ujerumani walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi zao juu ya joto la misuli na asidi ya laktiki, na tangu hapo asidi hiyo haijatoka midomoni mwa makocha. Lakini laktati hurudi kwenye kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, na moyo wenyewe huitumia kama nishati. Haiwezi kukuumiza Jumatano kwa mazoezi ya Jumatatu. Mmarekani Theodore Hough aliandika tangu mwaka 1902 kwamba maumivu ya namna hiyo yanatokana na madhara madogo ndani ya msuli. Yanakuja zaidi ukifanya zoezi jipya, au ukishusha uzito polepole, na hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Ukirudia zoezi lilelile wiki inayofuata maumivu yanapungua, kwa sababu msuli umeshazoea. Kwa hiyo, mdogo wangu, usiseme zoezi limeacha kufanya kazi kwa kuwa tu siku hizi unashuka ngazi bila kushika ukuta.

Kuna maumivu moja tu ambayo sitaki uyavumilie. Misuli ikivimba na kuuma kupita kiasi, halafu mkojo ukatoka na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ni dalili kwamba misuli imevunjika kiasi cha kuweza kuharibu figo. Huwapata hasa wanaorudi baada ya kukaa muda mrefu kisha wanataka kulipa deni lote siku moja, tena juani.

Sasa tuje kwenye kinachokuza msuli. Ni mvutano: nyuzi za msuli kulazimishwa kuvuta kwa nguvu karibu na mwisho wa uwezo wake. Tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba uzito mwepesi, hata asilimia 30 ya ule unaoweza kuunyanyua mara moja tu, hukuza msuli karibu sawa na uzito mkubwa, mradi seti, yaani mfululizo mmoja wa kunyanyua bila kupumzika, ifike karibu na kushindwa, pale usipoweza kunyanyua tena. Kwetu sisi wa vyuma vya zege hiyo ni neema. Ila ina gharama yake, na hapa ndipo wengi wanapokwama: ukitumia uzito mwepesi, moto unakuja mapema sana kabla msuli haujafika mwisho wake. Unadhani umeshindwa, kumbe una mara 8 zaidi mwilini.

Namna ya kutofautisha moto na kushindwa ni kutazama kasi. Simamisha simu ukutani ujirekodi upande. Kama mara za kwanza ulipanda kwa sekunde moja, na za mwisho unapanda vilevile kwa sekunde moja huku umekunja uso, hujafika. Huo ni moto tu. Ukiona unasukuma kwa nguvu zako zote na bado chuma kinapanda taratibu, sekunde 2, sekunde 3, hapo umebakiza mara 1 au 2. Hapo ndipo pa kuishia. Sio lazima ushindwe kabisa mpaka chuma kikuangukie. Moto ukizidi katikati ya skwati, simama wima, vuta pumzi mbili tatu za kina bila kuweka mzigo chini, kisha endelea. Utashangaa una mara ngapi zilizobaki.

Kuhusu vyuma vyenyewe, yaani fimbo ya chuma yenye kopo la zege kila upande. Zege lililojaa vizuri kwenye kopo la rangi la lita 4 huwa na uzito wa kilo 9 hadi 10, lakini fundi akiweka kokoto nyingi upande mmoja, chuma kinakuwa na upande mzito na upande mwepesi. Peleka kwa muuza vyuma chakavu akupimie kila upande, andika uzito kwa rangi juu ya zege. Ukinyanyua chuma kilichopinda uzito kwa miezi, bega moja litalalamika. Kama huna hata zege, chukua dumu la lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unaweza kuongeza mzigo kwa kilo moja moja, kitu ambacho jimu nyingi za mjini hazina vyuma vyake. Dumu lisilojaa hucheza mkononi, maji yanavuta huku na huku. Ukitaka litulie, tia mchanga.

Dumu natumia zaidi kwa mgongo. Weka mkono mmoja na goti kwenye benchi, mgongo umenyooka, vuta dumu kuelekea kiunoni na sio kifuani. Kiwiko ndicho kinachosafiri. Kiganja kinashika tu. Lishushe kwa sekunde 2 au 3 mpaka uhisi ubavu umevutika, ndipo uvute tena. Sehemu ile ya msuli kuvutika ndiyo watu wanaiiba, wanafanya nusu ya zoezi halafu wanajisifu kwa idadi.

Pushapu ni vilevile. Aliyezoea kupiga 40 za harakaharaka, mimi namwekea matofali mawili chini ya viganja ili kifua kishuke chini zaidi ya mikono, viwiko visifunguke kama mabawa bali vielekee nyuma kidogo, anashuka kwa sekunde 3, anatulia sekunde 1, anapanda kwa nguvu. Zile 40 hugeuka 12, na kifua kinafanya kazi ambayo hakijawahi kuifanya. Zikiwa rahisi, miguu juu ya benchi. Kwa mapaja, usihangaike kutafuta uzito mkubwa: weka mguu wa nyuma kwenye benchi, shuka kwa mguu wa mbele, na dumu mkononi. Wabeba mizigo wa sokoni wenye miguu ya chuma nimewaona wakitetemeka kwa hilo. Kina dada wanaoogopa kuwa "kama wanaume", fanyeni bila hofu. Homoni zenu haziruhusu mwili ujae kwa haraka namna hiyo. Mtapata nguvu na umbo.

Mpango wa kuanzia ni huu: kila msuli mkubwa mara 2 kwa wiki, seti 10 hivi kwa wiki nzima, na mapumziko ya dakika 2 hadi 3 kati ya seti. Mapumziko ya sekunde 30 yanaleta moto mwingi na kazi kidogo, maana seti inayofuata inakufa mapema. Andika kwenye daftari uzito na idadi. Wiki hii dumu kilo 15 mara 12, wiki ijayo mara 13, ukifika mara 20 ongeza maji. Ukitaka kujua kama unakua, fungua daftari hilo.

Chakula sasa. Neno linalosambazwa sana ni kwamba usipokula protini ndani ya dakika 30 baada ya mazoezi umepoteza kazi yote. Sivyo. Mlango huo uko wazi kwa saa kadhaa. Kama umekula mchana saa 8 na umemaliza tizi saa 12 jioni, chakula cha usiku kinatosha. Anayefanya alfajiri na tumbo tupu ndiye anayepaswa kula mapema akimaliza. Kikubwa ni jumla ya siku nzima: gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wako, igawanye milo mitatu au minne.

Kijana wa kilo 65 anahitaji gramu 104 hivi. Hesabu na mimi. Mayai 3 ni gramu 18. Karanga gramu 50, hizo ni 12. Kikombe cha maharage yaliyoiva, 15. Dagaa wakavu gramu 50, wasio na mchanga, wanatoa 25 au zaidi. Nusu lita ya maziwa ni 16. Ugali wa dona wa unga gramu 200 una 16 nyingine ambazo watu huzisahau. Tayari ni 102, na chapati ya asubuhi inamalizia. Hakuna poda hapo. Poda ya protini si sumu, nyingi hutengenezwa kwa maziwa yaliyochujwa na kukaushwa. Lakini ukiwa na hela ya kopo moja, nunua dagaa na mayai ya mwezi kwanza. Mwenye ugonjwa wa figo amuone daktari kabla ya kuongeza protini.

Wanga usiukimbie. Ugali, wali, viazi vitamu na ndizi ndivyo vinavyorudisha sukari ndani ya msuli, na bila hivyo tizi la kesho litakuwa zito.

Mambo mawili ya mtaani lazima niyaseme. Mayai mabichi: acha. Mwili hunyonya karibu asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, na la bichi karibu nusu tu, mbali na hatari ya vijidudu. Na supu: mchuzi mtupu asubuhi una chumvi na ladha, ila protini iko kwenye nyama. Lipia pande la nyama. Wanaokunong'oneza juu ya sindano za kuvimbisha mwili, waepuke kabisa. Zinaweza kuharibu moyo, ini na uzazi.

Usingizi wa saa 7 hadi 9 hauna mbadala. Na kwa joto letu la pwani kunywa maji siku nzima, usingoje kiu ya jioni.

Ramadhani usiache, punguza tu. Futuru kwa tende, maji na uji, nenda tarawehe, kisha fanya tizi ukiwa na maji mwilini, nusu ya seti zako za kawaida, ukibakiza mara 2 au 3 kila seti. Mlo mkubwa wa samaki au maharage uje baada ya hapo, na daku usilale ukaikosa: mayai, maziwa, na mabaki ya chakula cha usiku.