Kabla hujaweka picha yenye leya kwenye ukurasa

Leya zako, yaani matabaka ya picha yanayolaliana ndani ya faili ya Photoshop, zina majina? Hilo ndilo swali la kwanza, kabla hata hujafungua InDesign, programu ya kupanga kurasa. Wengi wetu tunaofanya kazi za steshenari hapa Lindi tunaacha "Layer 1", "Layer 1 copy", "Layer 1 copy 2", kisha tunamwachia Mungu. Ndani ya Photoshop haisumbui sana kwa sababu kila leya ina kijipicha chake. Ukishaiweka picha kwenye ukurasa, unabaki na orodha ya majina na alama ya jicho, basi. Majina yakifanana, unabahatisha.

Chukua ramani ya Kilwa niliyoipanga kwenye kipeperushi cha watembeza wageni. Faili moja ya PSD, yaani ya Photoshop yenye leya zake: bahari, nchi kavu, magofu, njia ya mashua. Ukurasa wa pili ulitaka magofu tu, yaani Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza pale Kilwa Kisiwani, na Songo Mnara upande wa kusini. Ukurasa wa tano ulitaka njia ya mashua kutoka Kilwa Masoko. Huhitaji faili mbili. Unaiweka ramani ileile mara mbili, unabofya kila nakala, unaingia Object Layer Options, unazima jicho hapa na kuliwasha pale. Faili yenyewe haiguswi, na ukirekebisha ufuo kwenye Photoshop, kurasa zote mbili zinaupata.

Raha hiyo ina masharti. InDesign inakumbuka ulichozima na ulichowasha, lakini ukirudi Photoshop ukaongeza leya, ukafuta au ukabadilisha jina, siku ya kusasisha kiungo (uzi unaounganisha ukurasa na faili ya picha) mpangilio wako unaweza kupotea na picha ikarudi jinsi Photoshop ilivyoihifadhi. Mimi niliongeza leya ya mikoko jioni ya mwisho. Asubuhi mzee mwenye kazi akaishika prufu, nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, akasogeza miwani. "Mwanangu, hii mashua mbona inapita juu ya msikiti?" Njia ya mashua ilikuwa imejiwasha kwenye ukurasa wa pili, imekatiza alama ya msikiti katikati. Nikamwomba radhi, nikarudi kwenye kiti.

Kwa hiyo idadi ya leya na majina yake viamuliwe kabla ya kupanga. Ndani ya dirisha hilohilo la leya kuna chaguo la nini kifanyike kiungo kikisasishwa: ubaki na mpangilio wako au ufuate wa Photoshop. Chagua wako, ila kila ukigusa orodha ya leya pitia kurasa zote upya kwa macho. Na unapohifadhi PSD, ile tiki ya Maximize Compatibility, inayosaidia programu nyingine kuisoma faili, usiiondoe hata kama faili inanenepa.

Maandishi usiyaweke kwenye picha. Mwanzoni majina ya sehemu niliyaandika Photoshop, leya moja ya Kiswahili na nyingine ya Kiingereza, nikajiona fundi. PSD ikishawekwa kwenye ukurasa, herufi zake zinatoka kama pikseli, yaani vidoto vinavyounda picha, na herufi ndogo zikachapwa na kingo zenye meno. Sasa majina nayaandika InDesign, ambayo nayo ina leya zake, na lugha mbili zinapishana humo vizuri tu.

Pikseli zihesabiwe mapema. A4 nzima kwa pikseli 300 kwa inchi ni 2480 kwa 3508. Ukiongeza milimita 3 za kukatwa kila upande inakuwa kama 2551 kwa 3579. Picha ya 300 ukiikuza mara mbili kwenye ukurasa inashuka hadi 150. Picha za mteja aombwe azitume kama dokumenti, maana WhatsApp ikizituma kama picha inazibana.

Rangi muulize mchapaji kabla. Kubadilisha faili yenye leya nyingi kutoka RGB (rangi za skrini) kwenda CMYK (rangi za wino) mwishoni kunaweza kugeuza sura, hasa leya zinazochanganyika na za chini yake.

Wasio na leseni ya kulipia: Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, nayo inasoma PSD na kuzima leya zake. Ukichora kwa GIMP, programu ya bure ya picha, toa nakala ya PSD, kwa sababu XCF, faili yake ya kawaida, InDesign haiipokei.

Mwisho ni safari ya kupeleka kazi kuchapwa Dar es Salaam. Picha haimo ndani ya faili ya ukurasa, kuna kiungo tu cha mahali ilipo. Tumia amri ya Package ya InDesign ikusanye ukurasa, picha na fonti kwenye folda moja. Nakili folda kwenye flashi, ifungue kwenye kompyuta nyingine, ya jirani ikibidi, uone kama kuna kiungo kilichokatika. Fanya hivyo mchana umeme ukiwepo, usingoje alfajiri basi linapiga honi.